Kidonge cha Mbwa

Bonde la Alai, mwezi wa kuchinja kondoo wa baridi.
Nachimba shimo. Udongo umeganda,
sururu inaruka kana kwamba imegonga chuma.
Shimo la nini, ananiuliza jirani Mamatkerim
na kikombe cha chai mkononi,
shimo la nini nawe hujafiwa?

Nimefiwa, namjibu. Mwaka wa nne huu.
Anatazama pembeni. Anajua.

Dada yangu Sairakan alikuwa na kicheko
cha kokoto ndani ya ndoo.
Alilala na mbwa. Sote tulilala na mbwa
kwenye zulia moja, theluji ikiwa nusu ya mlango,
na Aktosh, kitoto cha mbwa kifua cheupe,
akimlamba vidole mpaka mkate ulipoletwa,
na mkate wa moto haungoji mtu anawe.

Baba akipasua kondoo, akaona ini
limejaa malengelenge meupe, mengine kama zabibu,
alisema hili si la watu
akamrushia mbwa.
Hiyo ndiyo huruma aliyoijua: asilale na njaa
anayekesha zizini, anayesikia mbwamwitu kabla yetu.

Tegu akapita humo humo, kwenye huruma.
Ini la kondoo, utumbo wa mbwa,
manyoya, kiganja cha mtoto,
kisha ini tena.
La mtoto.
Akakaa. Miaka kumi na miwili akakaa,
mpangaji asiyelipa kodi, asiyekohoa,
anayeongeza chumba kila mwaka.

Sairakan akasema anahisi kushiba kabla ya kula.
Tukacheka: basi utaolewa kwa gharama ndogo.

Watu husema uchungu hukata maini.
Mimi nimeyaona yaliyokatwa.
Daktari Jipara alinionyesha, kwenye beseni, huko Oshi:
maji, na ngozi laini kama ya yai lililochemshwa,
akasema kimoja kilipasuka njiani.

Njiani. Kwenye kona za Taldik,
ndani ya lori la Mamatkerim,
alipoanza kujikuna mwili mzima
na midomo ikavimba, na Mamatkerim
akazidi kukanyaga mafuta, na mashimo ya barabara
hayakumhurumia yeyote.
Aliishi usiku mmoja.

Daktari hakunilaumu. Alichukua karatasi,
akaandika jina la kidonge.
Nikauliza, kwa nini hamkumpa mapema?
Akasema, hiki si chake. Ni cha mbwa.
Kinauzwa chini ya bei ya kipande cha sabuni.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka
ukumbini, mbele ya wagonjwa.
Nilikuja nikitafuta wa kumlipiza kisasi,
nikapewa bei.

Mtu wa mifugo alifika kijijini mara moja,
akahesabu mbwa, akaondoka na daftari lake.
Kwa hiyo vidonge nanunua mwenyewe.
Nakificha kidonge ndani ya donge,
mafuta ya mkia, yenye chumvi kidogo,
naita. Huyu si Aktosh, ni mjukuu wake,
kifua kile kile. Anameza bila kutafuna.
Namfungia siku mbili, kinyesi chake nachoma,
nanawa mpaka viwiko. Mke wangu
anasema nanawa kama mtu aliyeua.

Simjibu.

Shimo limefika magotini. Natupa ini,
natupa mapafu, namwagia chokaa.
Mbwa amekaa ukingoni ananitazama
kama anayetazama mwizi,
na kwa hesabu yake hajakosea:
babu yake alilipwa, yeye halipwi.

Mamatkerim alikuwa ameenda.
Sasa amerudi, chai imeganda ndani ya kikombe,
na mkono wa pili umebeba karai
lililofunikwa kwa kitambaa cha mkewe.
Hanitazami. Anamtazama mbwa.

Shimo lako, anasema,
lina nafasi?